Dashibodi Bila Mtaalamu wa Wavuti: Historia Fupi ya DHIS2 na Funzo Lake kwa Afrika Mashariki

Dashibodi ya takwimu, yaani ukurasa wa kompyuta wenye chati, majedwali na ramani zinazobadilika kadiri mtumiaji anavyochagua, hudhaniwa kuwa zao la waandishi wa programu pekee. Historia ya DHIS2, mfumo unaotumiwa na wizara za afya katika nchi nyingi za Afrika, inaonyesha vinginevyo. Makala haya yanajenga hoja kwamba wepesi wa kuunda dashibodi ulitanguliwa na makubaliano kuhusu maana ya takwimu. Makubaliano hayo yakilegea, wepesi hugeuka hatari.

Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokoma mwaka 1994, Afrika Kusini ilirithi idara 14 za afya zilizokusanya takwimu kwa fomu zisizolingana. Mradi wa HISP, uliowakutanisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo na wa vyuo vikuu vya Cape Town na Western Cape, ulianza kwa kupunguza fomu: zilichaguliwa takwimu chache ambazo kila zahanati ingezikusanya kwa maana ileile. Juu ya msingi huo iliundwa DHIS ya kwanza kwa Microsoft Access, huku uchambuzi ukifanywa katika majedwali ya Excel ambayo ofisa wa wilaya aliweza kuyapangua na kuyapanga upya mwenyewe.

Toleo la wavuti, DHIS2, lilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ililieneza nchi nzima mwaka 2011. Uganda na Rwanda zikafuata mwaka 2012. Ofisa asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu sasa huchagua mambo matatu tu: takwimu gani, mahali gani, kipindi gani. Mfumo humchorea chati, naye huiweka kwenye dashibodi.

Hata hivyo, chati huficha mengi. Uganda ilipoanza kutumia mfumo huu, sensa yake ya karibuni ilikuwa ya mwaka 2002. Iliyofuata ilifanyika mwaka 2014. Idadi ya watoto wanaostahili chanjo ilibidi ikadiriwe. Kadirio likiwa dogo kuliko hali halisi, wilaya inaweza kuonekana imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto wake, na watoto waliokosa chanjo wasionekane kabisa. Vilevile, vituo visipotuma ripoti, chati hushuka kana kwamba wagonjwa wamepungua. Mshauri wa sera anayeisoma bila kujua hayo anaweza kuipunguzia dawa wilaya inayozihitaji zaidi.

Lugha nayo ina nafasi yake. Mhudumu anayejaza daftari asipotofautisha mgonjwa na hudhurio, mtu mmoja aliyekuja mara tatu huhesabiwa kuwa watu watatu, na hakuna rangi ya ramani itakayolisahihisha kosa hilo.

Kwa hiyo, kila chati inapaswa kuambatana na kiwango cha ripoti zilizopokelewa, chanzo cha idadi ya watu iliyotumika, na fasili ya takwimu katika lugha anayoielewa mhudumu wa zahanati. Hayo hayahitaji utaalamu wa wavuti. Yanahitaji kikao cha wahudumu, watakwimu na wanalugha, kama kile cha kupunguza fomu kilivyotangulia programu huko Afrika Kusini.