Vifuu, Vizibo na Alifu

Madrasa niliyosoma Mabogini ilipakana na majaruba ya mpunga. Tulikariri alifu, bee, tee huku tukiona maji yakigawanywa mfereji kwa mfereji, na hakuna aliyetutuma tukapime wala kuhesabu kitu. Mkeka, juzuu, fimbo. Basi.

Ndiyo maana historia ya madrasa za awali za Mombasa ilinitia wivu, kusema kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan msaada. Watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma shuleni, na hawakutaka wapate shule kwa kupoteza dini. Kazi akapewa mwalimu Bi Swafiya Said. Shule ya kwanza ikafunguliwa 1986. Zanzibar wakafuata 1990, Uganda 1993.

Vifaa vyenyewe? Vifuu, vizibo vya soda, makombe ya pwani. Mtoto anachagua kazi yake, anapanga, anahesabu, anafungua duka la kuuza mchanga, halafu anasoma sura yake. Walimu wengi ni akina mama wa mtaa huohuo, waliofundishwa kazi wakiwa kazini, na wazazi ndio wanaoiendesha shule.

Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, angechungulia dirishani aseme hawa wanacheza tu. Na kweli wanacheza.