Seli Zilizoshika Chupa
Msomaji, uwaonapo ng'ombe malishoni Bukhayo, mpakani mwa Uganda, kumbuka sotoka, maradhi yaliyoteketeza mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890. Huko Muguga, Kenya, karibu na mwaka 1960, Walter Plowright na wenzake walividhoofisha virusi vyake kwa kuvikuza tena na tena katika seli za figo za ndama, wakapata chanjo. Lakini seli hizo hazizaani zisiposhika mahali. Zilishika kioo cha chupa. Chupa za plastiki zilipokuja, seli hazikushika vema, kwani polisitairini hukataa maji. Wataalamu wakaupitishia uso wake cheche za umeme, ukakubali maji, seli zikashika. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kutoweka duniani. Basi usidharau jambo dogo.