Kuchagua mota ya ndege ya mfano: Uzito kwanza, namba baadaye

WANUNUZI wengi wa mota za umeme za ndege za mfano huanza pale wanapopaswa kumalizia. Hutazama namba iliyoandikwa kubwa kuliko nyingine, kisha huamini kwamba yenye namba kubwa ndiyo yenye nguvu. Hasara ya kosa hilo haiishii kwenye mota. Katika ndege nyingi ndogo, kidhibiti mwendo kinachoilisha mota ndicho pia hupeleka umeme kwenye kipokezi cha rimoti. Kikiungua angani, mrushaji hubaki na rimoti isiyotiiwa, na ndege yenye uzito wa zaidi ya kilo moja huanguka popote, penye watu au pasipo na watu.

Namba inayowapoteza wengi ni ile inayoambatana na herufi kV. Ingawa hufanana na kifupisho cha kilovolti, hapa ina maana nyingine kabisa: ni idadi ya mizunguko ambayo mota hufanya kwa dakika kwa kila volti moja, ikiwa haina mzigo. Mota ya kV 1000 ikiunganishwa na betri ya volti 11.1 itazunguka takriban mara 11,100 kwa dakika ikiwa tupu, na pungufu ya hapo ikishafungwa propela. Kwa hiyo kV kubwa ni kasi, wala si nguvu. Mota ya kV kubwa hufaa kuzungusha propela ndogo kwa haraka. Ya kV ndogo huzungusha propela kubwa kwa utulivu.

Hesabu sahihi huanzia kwenye mizani. Ndege hupimwa ikiwa kamili, pamoja na betri yake, ndipo uzito huo hugeuzwa kuwa wati. Kwa kanuni iliyozoeleka miongoni mwa warushaji, ndege ya kuelea taratibu hutosheka na wati 100 hivi kwa kila kilo. Ya kujifunzia huhitaji kati ya 150 na 200. Ya sarakasi huhitaji 250 na kuendelea. Na ile inayotakiwa kuning'inia wima kwa nguvu ya propela yake huvuka 350.

Chukulia ndege ya kujifunzia yenye kilo 1.2. Kwa wati 200 kwa kilo, itahitaji wati 240. Betri ya lithiamu polima yenye seli tatu hutoa volti 11.1, hivyo mkondo utakuwa takriban ampea 22. Kidhibiti mwendo cha ampea 30 kitaubeba bila kuelemewa. Cha ampea 20, ambacho huuzwa kwa bei ya chini kidogo, hakifai hata kufikiriwa.

Hatua inayofuata ni propela, na hapa ndipo penye siri ya kazi yote, kwani propela ndiyo huamua mota itakula umeme kiasi gani. Propela hutajwa kwa namba mbili za inchi. Ya 10 kwa 5 ina upana wa inchi 10, na kwa kila mzunguko ingesonga mbele inchi 5 kama ingekuwa inapita katika kitu kigumu, mfano wa skrubu katika mbao. Ikizunguka mara 8,500 kwa dakika, mwendo wake wa kinadharia ni kama kilomita 65 kwa saa, ambao unatosha kwa mwanafunzi. Propela kubwa iendayo polepole hutumia umeme vizuri kuliko ndogo iendayo mbio, ila mpaka wake ni urefu wa miguu ya ndege. Kwa ndege ya mfano huu, propela ya 10 kwa 5 na mota ya kV 1000 hivi ni mwanzo mwema.

Hata hivyo, mota mbili za kV 1000 zaweza kutofautiana sana. Kipimo cha haraka ni uzito: mota nzuri isiyo na brashi hubeba takriban wati 3 kwa kila gramu yake. Wati 240 zahitaji mota ya gramu 80 au zaidi. Ile ya gramu 50 itazunguka vizuri mezani, lakini ikilazimishwa kubeba mzigo huo itachemka. Sumaku za kawaida za neodimiamu huanza kupoteza nguvu joto linapopita nyuzi 80 za Selsiasi, na nguvu iliyopotea hairudi mota ikipoa.

Kishawishi kikubwa cha wanaoanza ni kuongeza seli ya nne bila kubadili propela. Kinadharia, mkondo hupanda karibu mara 1.8 na wati mara 2.4. Ndege iliyokuwa ikitumia wati 240 hudai zaidi ya 560, na kidhibiti cha ampea 30 hutakiwa kubeba karibu 40. Anayetaka seli nne hana budi kupunguza propela au kV.

Kabla ya safari ya kwanza, kipima wati huunganishwa kati ya betri na kidhibiti, ndege ikiwa imefungwa imara na watu wakikaa nyuma ya propela. Betri ikiwa imejaa, mota huendeshwa kwa nguvu zote kwa sekunde chache tu. Mkondo ukizidi kiwango cha kifaa chochote, propela ndogo zaidi hufungwa na kipimo hurudiwa. Mota ikizunguka kinyume, waya zozote mbili kati ya tatu zake hubadilishana nafasi. Kazi hiyo hufanywa propela ikiwa imeondolewa na betri imechomolewa.