Utambuzi wa metali katika aloi

Utambuzi wa metali katika aloi ni kazi ya kemia inayolenga kujua ni metali zipi zilizochanganywa katika kipande cha aloi. Kipande kidogo huyeyushwa katika asidi, kisha kemikali huongezwa moja baada ya nyingine huku rangi, mapovu na mashapo vikitazamwa.

Rangi ya nje haitoshi. Shaba ya manjano (aloi ya shaba na zinki) na bronzi (aloi ya shaba na stani) zinaweza kufanana kwa macho. Vilevile risasi, metali yenye sumu, inaweza kuwemo katika aloi bila kubadilisha sura yake.

Kuyeyusha kipande

Kipande husafishwa, kisha hukwaruzwa kwa tupa ili kupata unga wake. Unga huo hutiwa katika asidi nitriki na kupashwa moto kidogo. Shaba, zinki, nikeli, risasi na fedha huyeyuka. Stani haibaki katika mmumunyo, bali hugeuka kuwa oksidi nyeupe inayotuama chini. Kwa hiyo unga mweupe hapa ni dalili ya bronzi, ingawa antimoni nayo hufanya vivyo hivyo. Dhahabu haiyeyuki kabisa.

Hatua hii hutoa moshi wa kahawia wa dioksidi ya nitrojeni, ambao ni sumu kwa mapafu. Hufanyika tu ndani ya kabati la kutolea moshi, pamoja na miwani na glavu.

Mfuatano wa majaribio

Baada ya kuchuja, mmumunyo hupimwa kwa utaratibu ufuatao:

1. Fedha: asidi hidrokloriki huleta mashapo meupe yanayogeuka meusi kwenye mwanga na kuyeyuka katika amonia. Risasi ikiwa nyingi nayo huleta mashapo meupe, lakini hayo huyeyuka katika maji ya moto.
2. Risasi: asidi sulfuriki huleta mashapo meupe mazito ya salfeti ya risasi.
3. Shaba: amonia ikizidishwa, mmumunyo huwa na rangi ya buluu iliyokolea sana.
4. Nikeli: dimethilglioksimu huleta mashapo mekundu katika mmumunyo wenye amonia. Mwanakemia Mrusi Lev Chugaev alieleza jaribio hili mwaka 1905.
5. Zinki: katika sehemu nyingine ya mmumunyo, hidroksidi ya sodiamu huongezwa kwa wingi. Hidroksidi ya shaba hutuama na kuchujwa, lakini zinki hubaki katika maji. Asidi ikiongezwa kidogo kidogo, mashapo meupe hutokea, na hayo huyeyuka katika amonia. Mashapo ya alumini yangebaki.

Mfuatano ni muhimu kwa sababu metali moja huweza kuficha nyingine. Kwa mfano, iodidi ya potasiamu huleta mashapo ya manjano kukiwa na risasi. Lakini shaba ikiwemo, iodini ya kahawia hutokea na kuifunika rangi hiyo. Ndiyo maana risasi hutengwa kwanza kwa asidi sulfuriki.

Aloi za alumini

Aloi za alumini hujaribiwa kwa hidroksidi ya sodiamu. Alumini huyeyuka na kutoa mapovu ya hidrojeni, gesi inayowaka. Duralumini huacha masalio meusi, kwa kuwa shaba iliyomo haiyeyuki. Masalio hayo yakitiwa asidi nitriki na kisha amonia, buluu ya shaba huonekana.

Historia

Tangu zamani wafua dhahabu walisugua kipande juu ya jiwe jeusi na kutia asidi kwenye alama iliyobaki. Shaba na fedha huondoka, dhahabu hubaki. Utaratibu wa kutenga metali kwa makundi ulienea katika karne ya 19, hasa kupitia kitabu cha Mjerumani Carl Remigius Fresenius kilichotolewa mwaka 1841.

Mipaka

Majaribio haya huonyesha metali iliyopo, si kiasi chake. Kiasi kidogo sana kinaweza kupita bila kuonekana. Hivyo sufuria iliyotengenezwa kwa vyuma chakavu haiwezi kuhesabiwa kuwa salama kwa sababu tu mashapo ya risasi hayakutokea. Kupima kiasi kidogo huhitaji vifaa vya maabara kama spektromita.