Zima, washa: historia fupi ya gemu iliyogoma kuingia mtandaoni

Kila anayecheza gemu mtandaoni anaijua siku hiyo. Wenzako wanakusubiri, pedi iko mkononi, mara kwenye skrini inatokea namba isiyoeleweka na sentensi moja: angalia muunganisho wako wa intaneti. Linaloniudhi mimi ni hilo neno "wako". Kwa nini lawama ianzie kwako? Tukirudi nyuma kidogo tutaona kwamba hitilafu kubwa kuliko zote katika historia ya mashine hizi zilikuwa upande wa kampuni, na wachezaji walihangaika na waya za nyumbani bure.

Haya, tuanzie mwanzo. Sega Dreamcast iliingia Marekani tarehe 9 Septemba 1999 ikiwa na modemu yake ndani. Ulichomeka waya wa simu ya mezani ukacheza. Hitilafu za wakati ule zilikuwa za kawaida kabisa: mtu chumba cha pili ananyanyua simu, au mlio wa simu nyingine inayoingia unakata mchezo. Wamarekani walipiga *70 kwanza ili kuzuia mlio huo. Kosa lilikuwa nyumbani kweli, na ulilitatua mwenyewe.

Novemba 2002 Microsoft wakaleta Xbox Live, iliyokataa modemu ya simu na kudai intaneti ya kasi. Hapo ndipo wengi wakakutana na herufi tatu: NAT. Fikiria nyumba ya kupanga yenye anwani moja na mlinzi mmoja getini. Barua ikitoka ndani, mlinzi anakumbuka ni ya chumba kipi, na jibu likija analipeleka. Lakini mgeni akija bila kuitwa anafukuzwa. Ruta yako ndiyo mlinzi huyo. Kusoma tovuti hakuna shida, maana wewe ndiye uliyeanza kuandika. Kwenye gemu, mchezaji wa mbali anaweza kubisha hodi mwenyewe, na mlinzi anamnyima njia. Ndiyo maana vijana wa miaka ile wakajifunza kuingia kwenye ruta na kufungua mlango namba 3074.

Nintendo nao wakaanzisha huduma yao Novemba 2005, pamoja na Mario Kart DS. Kituko ni kwamba Nintendo DS ilielewa ulinzi wa WEP tu, ambao wataalamu walikuwa wameshauvunja tangu 2001. Ruta yako ikiwa na ulinzi bora wa WPA, gemu linakataa. Dawa? Shusha ulinzi wa nyumba nzima ili mtoto acheze. Ona basi: udhaifu ni wa mashine, anayebeba hatari ni mteja.

Sasa tufike tarehe 1 Machi 2010. Duniani kote PlayStation 3 za zamani, zile nene, zilileta namba 8001050F na kukataa kuingia mtandaoni. Watu walizima na kuwasha, wengine wakabadilisha waya. Kumbe saa ya ndani ya mashine ilidhani 2010 ni mwaka mrefu, ikatafuta tarehe 29 Februari ambayo haikuwepo! Sony wenyewe waliwaomba wateja wasiziwashe kwanza. Hata baadhi ya magemu yasiyohitaji mtandao yaligoma. Baada ya takriban saa 24 tarehe ikapita na tatizo likaisha lenyewe. PS3 mpya nyembamba za 2009 hazikuguswa.

Lile lilikuwa la kuchekesha. Lililofuata halikuchekesha. Aprili 2011 wezi waliingia kwenye seva za PlayStation Network. Tarehe 20 Sony wakazima huduma nzima. Siku sita zikapita kabla ya kutangaza, tarehe 26, kwamba taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zilikuwa zimefikiwa: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, nywila. Hebu fikiria siku hizo sita. Kijana anaangalia ruta yake, kumbe ilimpasa abadilishe nywila kila mahali alikoitumia. Tarehe 1 Mei Kazuo Hirai na wenzake wawili waliinama jijini Tokyo kuomba radhi, na huduma ikaanza kurudi katikati ya mwezi huo. Januari 2013 mamlaka ya Uingereza ikaipiga Sony faini ya pauni 250,000.

Haikuishia hapo. Krismasi ya 2014 kundi la Lizard Squad liliangusha Xbox Live na PlayStation Network wakati watoto wanafungua zawadi. Februari 2025 PlayStation Network ilizimika kwa takriban siku nzima. Sony walisema ni tatizo la kiutendaji, wakawapa wanachama wa PlayStation Plus siku tano za nyongeza.

Na huku kwetu? Sisi tuna ngazi ya ziada kati ya ruta na seva. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania na Kenya zikawa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kusuasua. Hakuna mpangilio wa PlayStation unaotibu waya uliokatika chini ya bahari. Tena ukicheza kwa bando la simu, mara nyingi kampuni imeweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mlinzi wa geti ni wao, hivyo hata ukifungua milango ya ruta yako yote, wa nje bado amefungwa.

Kwa hiyo mimi nashauri ugeuze utaratibu. Kabla hujagusa waya, chukua simu uangalie ukurasa wa hali ya huduma wa kampuni, kisha waulize wenzako wa mtaa mwingine. Wote wakiwa nje, kaa utulie. Wakiwa ndani isipokuwa wewe, hapo sasa zima ruta, angalia tarehe ya mashine, angalia aina ya NAT. Na ukisikia neno "uvamizi", badilisha nywila siku hiyo hiyo.

Kuna hitilafu moja tu isiyo na dawa. Tarehe 20 Mei 2014 Nintendo walifunga huduma ile ya DS na Wii. Mashine nzima, ruta nzima, gemu umelinunua kwa pesa yako, lakini mlango wa mtandaoni umefungwa na aliyekuuzia. Hapo hata uzime na kuwasha mpaka asubuhi.