Swichi, Mfumo Endeshi na Kusakinisha: Historia Fupi ya Istilahi Tatu

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi istilahi tatu zinazohusu mitambo ya mawasiliano, yaani swichi, mfumo endeshi na kusakinisha, zilivyopata maana zilizo nazo leo katika Kiswahili, na kwa nini mfasiri hana budi kuzipambanua. Tumesukumwa kuyaandika na kosa letu wenyewe.

Tuliombwa kufasiri karatasi ya maelekezo kwa ajili ya shule moja ya Visiga, kati ya Kibaha na Mlandizi, kando ya barabara iendayo Morogoro. Shule hiyo ilikuwa na swichi ya mtandao, yaani kile kisanduku chenye safu ya matundu ya nyaya kinachoziunganisha kompyuta za jengo moja. Mfumo uliokuja na kisanduku ulikuwa haupati tena masahihisho kutoka kwa mtengenezaji wake. Kwa hiyo walimu walikusudia kuweka mahali pake OpenWrt, mfumo ambao mtu yeyote ameruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa.

Katika hatua ya tatu sisi tuliandika: "Subiri, kisha zima na uwashe swichi." Mwalimu aliyekuwa akifanya kazi hiyo alisubiri, akainuka, akaenda ukutani, akaizima swichi ya umeme na kuiwasha tena. Wakati huo mfumo mpya ulikuwa bado umo katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika mara umeme unapokatika. Kisanduku kikaamka na mfumo wake wa zamani, kana kwamba hakuna lililofanyika, na kazi ya mchana mzima ikapotea. Lau umeme ungekatwa wakati mfumo unaandikwa katika hifadhi ya kudumu, huenda kisanduku chenyewe kingeharibika. Mwalimu hakukosea, kwani alifuata Kiswahili kama alivyokisoma. Tuliokosea ni sisi.

Kutoka simu hadi swichi

Aghalabu Kiswahili hukipa chombo kipya jina kwa kutazama kile kinachoonekana. Waya wa telegrafu uliopita chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar mwaka 1879. Neno simu, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, lilitumika kwa telegrafu kabla ya kuhamia kwenye chombo cha kusemea. Leo twaita simu hata chombo kinachochukuliwa mfukoni bila waya wowote. Neno limebaki ingawa kilicholizaa kimeondoka, wala hapana anayetatizika, kwa sababu hakuna chombo kingine kinacholigombea jina hilo.

Hali ya swichi ni tofauti. Neno hili tulilikopa kutoka Kiingereza, na wananchi wengi walilijua kwa maana moja tu, ile ya kitufe cha kuwashia na kuzimia taa. Lakini huko lilikotoka lilikuwa na maana nyingine pia, ile ya kuhamisha kitu kutoka njia moja kwenda nyingine. Maana hiyo ndiyo iliyoingia katika fani ya simu. Mwaka 1891 Almon Strowger, Mmarekani aliyekuwa na biashara ya kuzika maiti, alipewa hataza ya mtambo wa kuunganisha simu bila msaada wa opareta. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1990, kampuni ya Kalpana ya Marekani ilitoa swichi ya kwanza ya mitandao ya kompyuta ya aina ya Ethernet. Kazi yake ilikuwa ya ukoo ule ule: kujua kila kompyuta iko kwenye tundu lipi, na kuupeleka ujumbe kwenye tundu hilo peke yake.

Hivyo sisi tuliipokea maana ya pili bila kuipitia historia yake. Ndiyo sababu vitu viwili visivyofanana vikakutana chini ya jina moja, na mwalimu wa Visiga akachagua kile alichokifahamu.

Umuhimu wa maana hii ya pili ulidhihirika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne hii. Kabla ya hapo, ujumbe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine katika mji ule ule uliweza kupitia setilaiti hadi Ulaya au Marekani, ndipo urudi. Mwezi Novemba 2000 makampuni ya Nairobi yalianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano hayo, KIXP, ambacho kiini chake kilikuwa swichi. Kampuni ya Telkom Kenya ililalamika, na baada ya muda mfupi kituo kikafungwa kwa amri ya tume ya mawasiliano. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Dar es Salaam ilipata kituo chake, TIX, mwaka 2004. Mtu aliyedhani kwamba swichi ni kitufe tu hangeweza kuelewa ugomvi ule ulihusu nini. Ulihusu njia panda: nani aruhusiwe kuimiliki, na mawasiliano ya wenyeji yapite wapi.

Mtambo na mfumo wake

Kwa miaka mingi swichi za mtandao zilinunuliwa zikiwa zimefungwa. Chuma na programu vilitoka kwa mtengenezaji mmoja, na mnunuzi hakuwa na haki ya kubadili chochote. Katika hali hiyo neno moja lilitosha, kwani hakuna aliyehitaji kuutaja mfumo endeshi mbali na mtambo wenyewe.

Utengano ulianza katika vyombo vidogo. Mwaka 2003 mtengenezaji wa kisambazaji kimoja cha mtandao wa nyumbani, kilichotumia Linux, alilazimika kuitoa hadharani misimbo ya programu yake kwa mujibu wa leseni ya Linux. Kutokana na misimbo hiyo ulizaliwa mradi wa OpenWrt mwaka 2004. Mwaka 2016 kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza SONiC, mfumo huria wa swichi kubwa za vituo vya data, na mwaka 2022 mradi huo ukakabidhiwa kwa taasisi ya Linux Foundation. Toleo la OpenWrt la mwaka 2021 lilizifikia swichi za bei nafuu, za aina iwezayo kuonekana katika shule. Tangu hapo mtu aweza kununua chuma kwa mmoja na kuchukua mfumo kwa mwingine. Vitu viwili vikishatengana sokoni, lugha haina budi kuvitenganisha pia.

Huria si bure

Hapa Kiswahili kina nafuu kuliko Kiingereza. Kiingereza kina neno moja lenye maana ya huru na ya bure pia, na waasisi wa programu hizi wamekuwa wakieleza tangu miaka ya 1980 kwamba wanakusudia uhuru, si bei. Sisi tuna maneno mawili, na neno huria limekwisha kukomaa: tunalo katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mfasiri anayeandika "programu ya bure" anaitupa hazina aliyoachiwa.

Na uhuru huo unaihusu lugha yenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao kutoka Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumwomba mwenye programu ruhusa, kwa kuwa leseni ilikwisha kuitoa. Pale ambapo programu imefungwa, menyu husema Kiswahili mwenye mali akipenda. Pale ambapo ni huria, sisi wenyewe ndio tunaoulizwa: mtasemaje? Kwa hiyo uvivu wetu hauna tena pa kujificha.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, neno swichi lisifukuzwe, maana limekwisha kuota mizizi. Lakini katika maelekezo liandikwe swichi ya mtandao au swichi ya umeme, kila mara, hata kama mwandishi anaona maana iko wazi.

Pili, mfumo endeshi utumike kwa programu inayokitawala chombo, na neno mtambo libaki kwa chombo chenyewe. Tusiseme "kubadili swichi" tunapokusudia kubadili mfumo wake.

Tatu, kupakia na kusakinisha yasichanganywe. Kupakia ni kama kupakia shehena chomboni: imo, lakini yaweza kushushwa. Kusakinisha kunatokana na kusakini, yaani kukaa mahali, na ni ndugu wa maskani. Mfumo uliopakiwa katika kumbukumbu ya muda ni mgeni. Uliosakinishwa katika hifadhi ya kudumu ni mwenyeji. Lau tungeitumia tofauti hiyo, mwalimu angejua kwamba mgeni wake alikuwa bado hajapata makazi.

Nne, mfumo unapojifunga na kuanza tena wenyewe, tuandike kuanza upya. Maneno kuzima na kuwasha yawekwe kwa ajili ya umeme.

Karatasi ya Visiga tumeiandika upya. Hatua ya tatu sasa yasema: "Mfumo umepakiwa, haujasakinishwa. Usiguse swichi ya umeme. Endelea na hatua ya nne." Mwalimu alirudia kazi kwa karatasi hiyo, na safari hii mfumo ulikaa. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wenye mapendekezo bora zaidi watuletee, pamoja na mifano ya sentensi ambamo istilahi hizi zimewapoteza wasomaji wao.