Companheiro: mwenza au mwenzetu?

Mama mjamzito akianza kliniki, iwe Mbezi Beach au Mbagala, nesi humwambia: "Dada, uje na mwenza wako, mpime wote." Hasemi mume, maana hajui kama kuna ndoa, wala si kazi yake kuuliza. Neno hilo ndilo ningempa mfasiri anayehangaika na companheiro ya Kireno.

Asili yake ni Kilatini: cum, pamoja na, panis, mkate. Ni mtu mnayekula naye mkate mmoja. Siku hizi Mbrazili akimtaja companheira wake, mara nyingi ni mwanamke anayeishi naye kinyumba bila cheti, na sheria ya kwao inautambua uhusiano huo. Kwetu nako, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 huwadhania wanandoa watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawachukulia kuwa mume na mke, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hawara na kimada ni matusi nusu. Mwenza halimhukumu mtu. Ila tahadhari: mke mwenza ni habari nyingine kabisa, na mgombea mwenza hahusiki na chumba cha mtu.

Companheiro ina sura ya pili, ya kazini na ya harakati. Huko Brazil, wanachama wa PT, chama cha Lula, huitana hivyo. Hapo mwenza haliendi. "Mwenza Lula" ni kichekesho. Ningeandika mwenzetu, ingawa nalo lina kijembe chake: "Mwenzetu kashajenga Mbezi Beach" si lazima iwe pongezi.

Neno ambalo Dar es Salaam ililisikia zaidi ni camarada. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa hapa tarehe 25 Juni 1962, ikawa na taasisi yake ya elimu Kurasini, Temeke, na wapiganaji wake wakaitana camarada, neno lililotokana na chumba: mnaolala pamoja. Wenyeji wao wa TANU waliitana ndugu. Komredi, la vijana wa Umma Party ya Babu kule Zanzibar, lilipitia Kiingereza.

Sasa kuna wafasiri wanaoandika ndugu kila mahali. Huko Ureno wasoshalisti na wakomunisti husema camarada, ilhali watu wa PSD, chama cha mrengo wa kulia wa kati, husema companheiro. Hotuba mbili za mahasimu zikifasiriwa hivyo, msomaji wa Kiswahili atadhani wasemaji wote wametoka chama kimoja.